Mvuke wa benzeni na tolueni: barua kwa rafiki mwalimu

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na wote wa hapo nyumbani. Huku sisi tu wazima. Barua yako imenifikia, na swali la wanafunzi wako wa kidato cha sita limenifurahisha kwa dhati, kwa kuwa ni swali ambalo mara nyingi hujibiwa kwa fomula na kuachwa bila maelezo: ikiwa nusu ya moli za kimiminika (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli) ni benzeni na nusu ni tolueni, vimiminika viwili vya jamii moja, kwa nini mvuke ulio juu yake usiwe nusu kwa nusu vilevile?

Jibu linaanzia kwenye uso wa kimiminika. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, benzeni safi iliyofungiwa ndani ya chombo hufikia shinikizo la mvuke, yaani msukumo wa mvuke uliotoka kwenye kimiminika, la milimita 95.1 za zebaki (kipimo nitakachotumia kwa mashinikizo yote), ilhali tolueni safi hufikia 28.4 tu, kwa sababu molekuli zake ni kubwa zaidi na huvutana kwa nguvu zaidi. Zikichanganywa, uso ule mmoja hugawanywa kati ya aina mbili za molekuli, na kila aina hutoroka kuingia katika mvuke kwa kadiri ya sehemu yake ya moli, yaani moli zake zikigawanywa kwa moli zote. Hiyo ndiyo kanuni yenye jina la François-Marie Raoult, Mfaransa aliyefundisha Grenoble na kuichapisha kanuni hiyo mwaka 1887: shinikizo la kila kijenzi ni sehemu yake ya moli katika kimiminika, mara shinikizo lake kikiwa safi.

Basi kwa mchanganyiko wenu, benzeni huchangia 0.5 mara 95.1, yaani 47.55, na tolueni huchangia 0.5 mara 28.4, yaani 14.2. Jumla ni 61.75. Hapa ndipo anapoingia Dalton, Mwingereza mwenye kanuni ya mashinikizo ya gesi zilizochanganyika, maana katika mvuke sehemu ya moli ya kila gesi ni shinikizo lake likigawanywa kwa shinikizo lote, 47.55 kwa 61.75 ni 0.77. Kimiminika kina benzeni asilimia 50 ya moli, mvuke wake una asilimia 77. Wasihi wanafunzi watumie herufi mbili tofauti tangu mwanzo, x kwa kimiminika na y kwa mvuke, na wasiandike x moja popote bila kusema ni ya benzeni au ya tolueni, kwa kuwa asilimia kubwa ya alama zinazopotea katika maswali haya, kwa maoni yangu, hupotelea kwenye herufi na si kwenye kemia.

Jambo la pili la kusimamia kwa uthabiti ni moli. Swali likisema gramu 100 za benzeni na gramu 100 za tolueni, huo si mchanganyiko wa nusu kwa nusu. Uzito wa moli moja ya benzeni ni gramu 78.11 na wa tolueni ni gramu 92.14, kwa hiyo tunapata moli 1.280 na 1.085, na sehemu ya benzeni inakuwa 0.541. Ukiendelea kwa njia ileile, jumla ya shinikizo ni takriban 64.5 na benzeni katika mvuke ni karibu 0.80. Tofauti hiyo inatosha kumkosesha mwanafunzi jibu.

Sasa waambie waukusanye ule mvuke wa 0.77, waupoze uwe kimiminika, kisha wapige hesabu upya katika nyuzi zilezile 25. Benzeni itachangia 73.2, tolueni 6.5, na mvuke mpya utakuwa na benzeni takriban 0.92. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzuri wote wa somo, kwa kuwa kwa hatua mbili tu za kalamu mwanafunzi anaona kwa nini mnara wa kukenekea, yaani wa kutenganisha vimiminika kwa kuvichemsha na kuupoza mvuke wake, katika kiwanda cha kusafishia mafuta una ngazi nyingi, kila ngazi ikirudia hesabu hii hii. Mnarani, hata hivyo, kimiminika huchemka, na joto hubadili namba. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka karibu na nyuzi 92, ambako mashinikizo ya vimiminika safi ni takriban 1,080 na 434. Uwiano wao umeshuka kutoka zaidi ya 3.3 hadi karibu 2.5, na mvuke una benzeni 0.71 badala ya 0.77.

Haya yote yafanyike kwa karatasi na kalamu pekee. Benzeni husababisha saratani ya damu, na sioni sababu yoyote ya kuiweka mbele ya vijana.

Uwaonye pia wasiipeleke kanuni hii kila mahali. Inafaa hapa kwa sababu tolueni ni benzeni ambayo hidrojeni moja imebadilishwa kwa kundi la methili, hivyo molekuli za aina hizo mbili huvutana karibu sawasawa, ziwe za jinsi moja au zimechanganyika. Ethanoli, yaani alkoholi ya vileo, na maji haviko hivyo. Vikifika ethanoli asilimia 95.6 kwa uzito, huchemka pamoja katika nyuzi 78.2, na mvuke wake huwa na uwiano uleule wa kimiminika, jambo ambalo hesabu ya Raoult haiwezi kulitabiri kamwe.

Ukitaka swali la kuwapima walioelewa, wape mvuke wa nusu kwa nusu katika nyuzi 25 na uwaulize kimiminika chake. Wasikimbilie kuzidisha, kwa kuwa sasa wanachojua ni y. Njia ni kugawanya kila y kwa shinikizo la kijenzi kikiwa safi na kujumlisha; moja ikigawanywa kwa jumla hiyo ndiyo shinikizo lote, takriban 43.7, na benzeni katika kimiminika ni 0.23. Nitafurahi ukiniandikia namna walivyolifikia jibu hilo, hasa wale watakaopita njia nyingine.

Wako akupendaye