Mhariri, tunaomba ukurasa wa hadithi

Mhariri, salaam kutoka Lindi mjini.

Mi ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, mwaka wa kumi na nne huu nashika chaki, na usiku naandika hadithi. Naleta ombi moja tu, gazeti lako litenge hata nusu ukurasa Jumamosi kwa ajili ya hadithi fupi na mashairi ya wasomaji, hasa sisi tulio mbali na Dar. Naomba unisikilize hadi mwisho kwa sababu jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu.

Siku yangu iko hivi. Wiki ya zamu saa kumi na mbili na nusu asubuhi niko getini, nikitoka hapo ni vipindi mfululizo, alafu kuna insha za Kidato cha Tatu, mikondo mitatu, kila mkondo watoto sitini na kitu. Na insha siyo hesabu kwamba unaangalia jibu unaweka vema, insha unaisoma sentensi kwa sentensi la sivyo unamdhulumu mtoto. Msimu wa korosho ukianza Oktoba darasa linapungua, wengine wako shamba wanaokota na wazazi wao, wakirudi inabidi uwafundishe upya yale yaliyowapita na mtihani wa Kidato cha Nne ndo huo Novemba. Kwaiyo muda wangu wa kuandika ni saa nne usiku nyumbani wakishalala, na naandikia kwenye simu kwa kidole gumba kwa sababu kompyuta sina na steshenari wanataka elfu moja kwa kila ukurasa wa kuchapa. Hadithi moja imenichukua miaka mitatu hivyo hivyo.

Hiyo hadithi inahusu mpagazi wa Tendaguru. Wanaosoma hii barua wakiwa mbali na huku pengine hawapajui, Tendaguru ni kilima kipo hapa mkoani kwetu, na kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria, zaidi ya tani 200, na hakukuwa na gari wala reli ya kuileta pwani. Ililetwa kichwani. Watu wa huku, wababu wa wanafunzi ninaowafundisha, walitembea siku kadhaa na mizigo ya mifupa hadi hapa Lindi bandarini ikapakiwa melini, na leo mnyama mmoja katika hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13, watu wanatoka dunia nzima kwenda kumtazama. Msimamizi wa vibarua alikuwa mtu wa huku, Boheti bin Amrani, jina lake limeandikwa. Lakini maelfu ya waliobeba? Na kumbuka huo ni muda mfupi tu baada ya Maji Maji, 1905 hadi 1907, vijiji vimechomwa, njaa imepita, mtu kazika ndugu zake halafu anapewa fupa la mnyama asiyemjua abebe. Alikuwa anawaza nini yule mtu njiani? Mi ndo kitu nilichotaka kuandika, na nilivyowasomea Kidato cha Tatu kipande chake darasa lilinyamaza kabisa, kijana mmoja wa nyuma akauliza, mwalimu, ina maana walipita na hii barabara yetu? Nikamwambia ndiyo, walishuka huku huku kuja pwani. Kipindi kilichofuata waliniomba niendelee.

Nilijaribu njia ya kawaida. Mwaka 2024 nilimpa kondakta wa basi bahasha ya mswada aipeleke kwa mchapishaji mmoja Dar, ikawa ndo ile wiki ya mwanzo wa Mei kimbunga Hidaya kimepiga, barabara ikakatika kule Somanga, mabasi yakakwama, bahasha ilifika baadaye sana tena imelowa. Mchapishaji alinipigia akaniongelesha vizuri tu bila dharau, akasema wao kwa sasa wanatoa vitabu vya kiada maana ndo vinanunuliwa, hadithi ya mtu ambaye hajulikani soko lake gumu. Namwelewa, karatasi ni ghali na yeye ana familia. Lakini mhariri, mtu ambaye hajulikani atajulikana kupitia wapi?

Zamani jibu lilikuwa gazeti. Mambo Leo lilianza 1923, na miaka ya thelathini Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha huko mkoani Tanga na mashairi yake yalikuwa yanatoka mle. Hakuanza na kitabu, alianza na beti kwenye gazeti, watu wakamsoma na wakamjibu kwa mashairi yao. Na Mwalimu Nyerere mwenyewe kabla ya siasa alikuwa mwalimu wa darasani, Tabora na Pugu, akiwa Rais akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare, moja ikatoka 1963 nyingine 1969. Chaki na kalamu hazijaanza kukaa pamoja kwangu.

Najua kuna mtu atasema mbona kuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ipo, na mi naiheshimu sana, washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 13, 2023, siku ya kuzaliwa Mwalimu, na nilifurahi kama vile nimeshinda mimi. Ila ile ni mara moja kwa mwaka na wanaoshinda ni wachache. Anayejifunza anahitaji sehemu ya kukosea na kurekebishwa mara kwa mara, asomwe na watu asiowajua, aambiwe hapa umerefusha, hapa mhusika wako kapotea. Hilo tuzo haiwezi, gazeti la kila wiki linaweza.

Na hapa sijiombei peke yangu. Mwaka jana nilitoa insha, andika kuhusu mtu unayempenda, binti mmoja akaandika bibi yake anavyochimba ming'oko, ile mizizi ya porini tunayokula huku, anavyougonga udongo kwa jembe kwanza na kusikiliza, anavyomwimbia yule mtoto mgongoni ambaye ndo yeye mwenyewe, halafu bibi anafariki na jembe linabaki limeegemea ukutani na hakuna anayeligusa. Kurasa mbili. Nilisoma nikaweka kalamu chini nikatoka nje kidogo. Halafu nikarudi, nikampa alama zote, nikaandika pembeni vizuri sana, nikamrudishia daftari lake, na ile hadithi ikaishia hapo. Sikuwa na pa kuipeleka. Nadhani kila mwalimu wa Kiswahili, awe Masasi, Newala, Nachingwea au Liwale, ana daftari la namna hiyo ambalo hajalisahau.

Kwenu naona siyo kazi kubwa. Maneno mia nane au mia tisa, watu watume kwa WhatsApp maana ndo kitu kila mtu anacho, mhariri mmoja achague na arekebishe lugha bila kuua ladha ya kwetu, akikuta neno la Kimakonde au la Kimwera limekaa mahali pake aliache. Malipo ni haki ya mwandishi, ila kama mfuko haujakaa sawa anzeni tu, tutaelewana.

Pamoja na barua hii nimetuma kipande cha mpagazi wangu, na hadithi ya yule binti, kaiandika upya mwenyewe kwa mkono na mama yake ameridhia itoke. Kama nafasi ni ya moja, toa ya binti.

Mwalimu wa Kiswahili,
Lindi