Pimeni adapta za hedifoni kabla ya kulipa

Mhariri,

Naomba nafasi kuhusu adapta za hedifoni za bei nafuu, zile za kuchomeka hedifoni kwenye tundu la chaji la simu, zinazouzwa hapa Mwanga na Ujiji.

Ziko za aina mbili, na kwa macho huzitofautishi. Moja ina chipu inayogeuza sauti ya dijitali kuwa umeme wa kuendesha hedifoni. Nyingine ni waya mtupu. Hutegemea simu yenyewe itoe umeme huo wa sauti kupitia tundu la chaji. Simu isiyotoa, adapta inakuwa bubu, na muuzaji anatukanwa bure.

Nguvu ya adapta ipimwe kwa multimita (kipima umeme) yenye kipimo cha volti 2 za AC, yaani mkondo geu. Zile ndogo za manjano zinazoanzia volti 200 hazifai hapa. Chomeka pini ya milimita 3.5 yenye mistari miwili, cheza mlio wa hezi 60, sauti juu kabisa, usome kati ya ncha na shina. Hezi 1,000 iacheni, multimita nyingi rahisi hudanganya huko. Kisha unganisha rezista (kizuia umeme) ya omu 33 kati ya ncha na shina hizo hizo, usome tena. Volti 0.50 ikishuka hadi 0.48, ukinzani wa ndani ni kama omu 1.4: safi. Ikishuka hadi 0.38, umefika omu 10, na baadhi ya hedifoni za omu 16 zinaweza kupotoka besi.

Mwisho chomeka hedifoni, cheza wimbo kwa sauti ya chini, mkitikisa waya pale unapoingia kwenye pini. Mkwaruzo, au upande mmoja ukikatika, rudisheni hapo hapo dukani.

Fundi simu,
Mwanga, Kigoma