Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakazi, Kaptembwo, Nakuru: Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Naanza na lile lililotuuma zaidi. Mwezi wa Machi kikundi chetu cha kina mama, kile kinachokutana Jumapili baada ya ibada, kilikuwa tayari kuomba mkopo wa Hazina ya Uwezo, mfuko wa serikali unaokopesha vikundi. Fomu zilikuwa zimejazwa, akaunti ya benki ipo, michango ya kila wiki imeandikwa daftarini bila kurukwa hata mmoja. Afisa akachukua cheti cha usajili, akakielekeza dirishani apate mwanga, akasoma tarehe, kisha akakirudisha mezani kimya kimya. Kilikuwa kimeisha muda wiki tatu nyuma.

Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, cheti cha kikundi hudumu miaka 2, kisha kinahuishwa. Kuifuatilia tarehe hiyo ilikuwa kazi yangu kama mwenyekiti, na sikuifuatilia. Niliwaomba radhi kina mama wale ana kwa ana, na leo narudia mbele yenu nyote. Mkopo wa Uwezo hauna riba. Kikundi hukatwa ada ya asilimia 3 mara moja tu. Mama anayeuza mboga pale stejini, akikosa pesa hizo, hukimbilia mikopo ya simu, na nyote mnajua inavyomkamua.

Cheti kimehuishwa. Katibu ameandika tarehe za vyeti vya vikundi vyetu vyote kwa kalamu nene kwenye kadi ya boksi, akaitundika ukutani juu ya meza yake. Kila anayeingia aitazame. Kwa walio na nia ya kuanzisha kikundi kipya: muwe watu 10 au zaidi, muwe na katiba, na muwe na kumbukumbu za mkutano mliochagua viongozi. Kumbukumbu hizo ndizo huwashinda wengi, kwa sababu mkutano hufanyika kweli, watu wakanywa chai, wakakubaliana, na hakuna aliyeshika kalamu.

Nikija kwa kaunti, mwaka huu tulijifunza kufuata kalenda. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, lakini anayeamka Julai amechelewa sana. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na ndio unaoandaa bajeti ya mwaka unaofuata. Februari inakuja taarifa ya mwelekeo wa matumizi, Aprili makadirio yenyewe, na kufikia 30 Juni yawe yamepitishwa. Mtaro wetu wa maji ya mvua, ule unaofurika hadi ndani ya nyumba za mstari wa chini, tulikuwa tukiulilia kila mwezi wa Aprili, maji yakiwa tayari vitandani. Safari hii tulipeleka ombi letu Agosti, kwa maandishi, na picha za mafuriko. Tulibeba nakala mbili. Moja ilibaki ofisini, ya pili tukarudi nayo ikiwa na muhuri na tarehe. Mtaro haujachimbwa bado, na sitawaahidi kitu nisichokishika mkononi. Ila sasa tukiulizwa tuliomba lini, tunaonyesha karatasi.

Hapo ndipo naingia kwenye kura, na nawaomba mnisikilize kwa makini.

Kaunti ya Nakuru ina wadi 55, na kila wadi humpeleka mwakilishi mmoja bungeni mwa kaunti. Huyo ndiye anayekaa kikao bajeti ya mtaro wetu ikijadiliwa. Tulipopita mlango kwa mlango mwezi wa Oktoba, katika ploti moja yenye vyumba 18 tulikuta watu wanne tu wanaopigia kura hapa. Waliobaki wameandikishwa Vihiga, Kisii, Bomet na kwingineko. Wanaishi hapa, watoto wanasoma hapa, maji yanawaingilia hapa, lakini mwakilishi wa wadi hii anachaguliwa na wengine.

Sikuwalaumu, na sitaki mtu yeyote awalaumu. Mzee mmoja aliniambia kwamba Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, alitoka chumbani kwake na godoro na watoto, akaacha kila kitu, na tangu hapo msimu wa uchaguzi humkuta kwao. Sisi tuliokuwa hapa siku zile tunajua anachosema. Nilikaa naye mpaka chai ikaisha, na sikumhimiza chochote. Wale ambao hawajahamishia uandikishaji wao hapa kwa sababu tu ya kukosa nafasi, hao ndio ninaowaomba.

Uandikishaji wa wapiga kura ulifunguliwa tena tarehe 29 Septemba 2025. Uchaguzi mkuu ni tarehe 10 Agosti 2027, na kila mmoja atapewa karatasi sita. Anayejiandikisha kwa mara ya kwanza awe ametimiza miaka 18 na awe na kitambulisho au pasipoti ya Kenya. Aliyekwisha kujiandikisha kwingine asijiandikishe upya, kwani kuandikishwa mara mbili ni kosa kisheria. Huyo aombe kuhamisha, na sheria inataka ombi hilo liingie siku zisizopungua 90 kabla ya uchaguzi. Ukihesabu, unafika Mei 2027. Msingoje Mei. Huduma hii ni ya bure, na anayewadai hata shilingi ishirini njooni mniambie.

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina. Nimezipitia naye risiti kwa risiti na nimeridhika. Kuhusu taka, gari bado linapita bila ratiba, na barua ya pili imekwenda.

Jumamosi ya kwanza baada ya mkutano huu tunakwenda pamoja ofisi ya tume ya uchaguzi ya eneobunge letu la Nakuru Mjini Magharibi. Tunakutana stejini saa mbili unusu asubuhi. Kina mama wenye watoto wachanga watatangulizwa kwenye foleni, tumekubaliana hivyo. Kila mtu abebe kitambulisho chenyewe, si nakala.