Barua ya Mpishi Mstaafu kwa Vijana wa Stegi

Kwa vijana wa bodaboda hapa Walukuba, Jinja, na kwa kila kijana aliyepanga muzigo wa chumba kimoja na hana wa kumpikia.

Wanangu,

Habari za kazi. Mwezi wa nane mmoja wenu alinibeba kutoka sokoni. Njiani nikamwuliza amekula nini tangu asubuhi. Akasema kikomando. Na jana? Kikomando mchana, rolex usiku, ile chapati iliyoviringishwa na mayai. Nikamwuliza ni lini mara ya mwisho alikula mboga ya majani, akanyamaza mpaka tukafika kwangu. Aliponishusha, akiwa ananitafutia chenji, akasema, "Mzee, tangu nilipokwenda nyumbani Pasaka." Jibu hilo limekaa nami mpaka leo, na ndilo linalonifanya niwaandikie wote.

Sina ugomvi na kikomando. Chapati iliyokatwakatwa ikamwagiwa maharage ni chakula cha haki, kinashibisha. Ninachokataa ni hii hali ya kijana mwenye nguvu zake kula mkononi mwa watu asubuhi, mchana na usiku, mwaka mzima, eti hana njia nyingine. Nikiwauliza mnanipa sababu tatu: fedha, muda, na ya tatu mnaisema kwa sauti ya chini, kwamba kupika ni kazi ya mke nanyi bado hamjaoa.

Hiyo ya tatu naijibu kwanza. Mimi ni mwanamume, na nimepika miaka 31 katika jiko la shule ya bweni. Watoto wangu wamesoma kwa mwiko ule. Hakuna siku niliyoona aibu nao.

Kupika nilijifunza hapa hapa Walukuba kwa mama yangu, na nilijifunza katika miaka ya shida. Baba alikuwa kiwandani. Sisi watoto tulikua kwa Kiswahili kwa sababu kila mlango ulikuwa na kabila lake: huku Msoga, kule Mlugbara, pembeni Mjaluo, ng'ambo Mwacholi. Waasia walipofukuzwa Uganda mwaka 1972, haikuchukua muda vitu vikaanza kupotea madukani. Chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia. Sukari, ambayo kiwanda chake cha Kakira hakiko mbali na sisi, ikawa kitu cha foleni na cha magendo. Mtu anapanga mstari tangu alfajiri, anarudi na robo kilo, au anarudi na mikono mitupu.

Mama hakupanga foleni ya sukari. Alinunua ndizi ndogo, zile ndiizi, zilizoiva kupita kiasi, ambazo mwenye kibanda alikuwa karibu kuzitupa. Akazikanda na unga wa muhogo, akakaanga kabalagala. Kisha akamimina chai isiyo na hata chembe ya sukari, akatufundisha: uma kabalagala kwanza, ikiwa bado mdomoni ndipo upige funda la chai. Utamu ulitoka kwenye ndizi. Nilikuwa na miaka 13 au 14, na mpaka leo chai yangu nainywa hivyo.

Basi nianze na hiyo. Ndizi, unga wa muhogo, mafuta ya kukaangia. Ganda la ndizi liwe limekuwa jeusi, na ukilimenya ndani kuwe laini na kunanukia. Ukitumia za njano zilizo ngumu utapata kitu kigumu kisicho na ladha, kisha utasema Mzee amekudanganya. Zimenye, ziponde kwa mkono mpaka zisibaki na madonge. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wengi wanaharibu: usitie maji. Hata tone. Maji yamo ndani ya ndizi. Tia unga kidogo kidogo, konzi kwa konzi, huku unakanda, mpaka donge liache kung'ang'ania vidole. Ndizi 10 zinakula karibu vikombe viwili vya unga, lakini msifuate kikombe, fuateni vidole. Sukuma donge kwa chupa mpaka libaki na unene wa kidole cha mwisho, kata kwa mdomo wa glasi, kaanga kwa moto wa wastani. Moto mkali utaunguza nje kabla ndani hakujaiva, kwa sababu ndizi ina sukari yake na sukari haichelewi kuungua. Zikiwa na rangi ya kahawia, toa. Anayependa ukali atie pilipili ya unga kwenye donge. Zikipoa zinakaa siku mbili bila friji, unaweka kwenye mfuko wa koti unakwenda nazo stegi.

Unga wa muhogo nunueni kwa mtu mnayemjua. Ipo mihogo michungu yenye sumu, nayo lazima iloweshwe au ivundikwe, kisha ikaushwe vizuri kabla ya kusagwa. Anayeharakisha kazi hiyo anakuuzia maradhi.

Mmeona kabalagala ina vitu vitatu tu. Msidhani ni kwa sababu ya umaskini tu. Sufuria yenye vitu 12 inaweza kuficha kosa. Royco imo, kari imo, kitunguu saumu kimo, nani atajua kwamba nyama haikuiva vizuri? Sufuria yenye vitu vitatu haifichi. Kila kitu kinaonekana, na kila kitu kinataka haki yake: maji yake, moto wake, muda wake. Mimi hilo nilijifunza kwa uchungu, na sitawaficha.

Nilikuwa na mwaka mmoja au miwili kazini. Siku hiyo kuni zilikuwa zimenyeshewa, moto ukawa wa moshi tu. Maharage yalikaa jikoni tangu asubuhi yanafukafuka bila kuchemka sawasawa. Kengele ikagonga, watoto wakasimama mstari na sahani, nikaona aibu kuwaambia wasubiri. Nikapakua. Nilionja punje moja, ilikuwa ngumu katikati, nikaimeza nikanyamaza. Usiku ule wanafunzi walitapika mabwenini, wengine mpaka alfajiri. Hakufa mtu, namshukuru Mungu, lakini nilitembea kitanda hadi kitanda nikiwa na ndoo na maji, na ule mlio wa watoto wa watu wakitapika sijausahau. Baadaye muuguzi alinieleza: maharage, hasa yale mekundu, yana sumu yake ya asili, na haiondoki kwa moto wa kufukafuka. Lazima yachemke kwelikweli, mapovu yapande, angalau dakika 10 kamili, ndipo uyaache yaendelee kuiva polepole.

Kwa hiyo maharage yapikwe hivi. Jioni, ukirudi kazini, chagua mawe, osha, loweka kwenye maji mengi. Nambale au ya njano, yoyote uliyopata. Kesho yake mwaga yale maji, tia mapya, washa. Yachemke kwa nguvu kama nilivyosema, kisha punguza moto, funika. Yaliyolowekwa usiku kucha hayali makaa kama yale makavu, na hapo ndipo fedha yenu inapookoka. Chumvi tia yakishalainika. Kitunguu kimoja, nyanya mbili ukiwa nazo, mafuta kijiko kimoja. Bonyeza punje kati ya ulimi na kaakaa: ikivunjika bila meno, imeiva. Kilo moja, kwa mtu mmoja, inafika siku nne. Pigeni hesabu wenyewe mlinganishe na mnachomlipa mwenye kikomando kwa siku hizo nne.

Na muda? Mnasema hamna. Lakini kulowesha hakuhitaji mtu, maharage yanajilowesha yenyewe wewe ukiwa umelala. Na ile saa ya mchana ambayo abiria hakuna, mnalala juu ya pikipiki chini ya mwembe, naiona kila siku nikipita.

Sasa karanga, mchuzi wa binyebwa. Huu ndio ninaoupenda kuliko wote, na ndio unaowashinda wengi kwa sababu mnauacha peke yake. Karanga mbichi nyekundu zilizotwangwa, maji, chumvi, basi. Kitunguu ukitaka. Kabla hazijatwangwa zichague kwa macho: iliyokunjamana, yenye ukungu, au chungu ukionja, tupa. Humo mna sumukuvu inayoharibu ini, na kuchemsha hakuiondoi. Ukinunua zilizokwisha sagwa hujui kilichosagwa ndani, kwa hiyo afadhali usimame pale kwenye mashine wakusagie zako.

Koroga unga wa karanga kwenye maji baridi mpaka uwe kama uji mwepesi, ndipo ubandike. Ukiutupa kwenye maji yanayochemka utashikana mabonge. Moto uwe mdogo. Sasa kaa hapo. Mwanzo utaumuka kama maziwa, na ukigeuza mgongo tu umeshamwagika wote kwenye sigiri, makaa yamezimika na chakula huna. Koroga taratibu. Baada ya muda povu linatulia, mchuzi unaanza kutokota kwa sauti nzito, puf, puf, harufu ya ubichi inaondoka. Usiipue bado. Subiri mpaka uone mafuta yametoka juu, vidoa vidogo vinavyong'aa, bila wewe kutia hata tone. Ni kama dakika 40. Tia chumvi. Mimina juu ya viazi vitamu au matoke. Ukiwa na kipande cha samaki mkavu, kiingize katikati ya safari. Kama huna, hujapungukiwa kitu.

Jirani yetu Mwacholi alikuwa akisaga karanga na simsim pamoja zikawa odii, akaichanganya na majani ya boo, yaani ya kunde, yaliyochemshwa. Vitu vitatu. Na nilipokwenda Mbarara kwenye harusi nikalishwa eshabwe: samli, maji, chumvi na magadi kidogo, inapigwa kwa mkono mpaka inakuwa nyeupe kama maziwa, wala haipiti motoni. Kila upande wa nchi hii una chakula cha namna hiyo, na mama zenu wanakijua. Wapigieni simu muwaulize. Watafurahi mno kuulizwa.

Dodo, yaani mchicha, ni dakika chache. Osha majani kwanza, ndipo ukate. Ukikata kabla ya kuosha uzuri wake unakwenda na maji. Kitunguu na nyanya kwenye mafuta kidogo, tia dodo, chumvi, funika. Usitie maji. Ipua ikiwa bado ya kijani. Yule kijana wangu wa Pasaka, hiyo ni yako.

Mukene, dagaa wetu, hali kadhalika, ni nafuu, na sisi wa ziwani hatuna kisingizio. Nunua wale waliokaushwa juu ya neti, si waliotandazwa chini, hao wamejaa mchanga. Waoshe kwa maji ya moto mara tatu, wakaange bila mafuta wakauke, ndipo utie nyanya na kitunguu. Posho, yaani ugali, kando.

Jambo moja nalitaka liwaingie. Nyumba zenu ni chumba kimoja, dirisha dogo, na mvua ikinyesha mnaingiza sigiri ndani na kufunga mlango. Msifanye hivyo. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu na isiyoonekana. Haikohozi mtu, inamlaza tu, na halali ili aamke. Watu wamekutwa asubuhi familia nzima. Pikeni mlangoni, chini ya kipaa, hata kama kuna baridi. Na usiku usiache sigiri ndani ikupashe joto, hata ikionekana imezimika. Ukisikia baridi, vaa koti la kazini ulale nalo.

Vyombo msinunue vingi. Sufuria moja yenye mfuniko, mwiko, kisu, sigiri. Sahani mnazo. Kwa kabalagala mtahitaji karai, na karai mnaweza kununua moja watu wanne mkapokezana, kama mnavyopokezana pampu ya upepo pale stegi.

Jumapili ijayo kuanzia saa tisa nitakuwa nje, kwenye baraza, nyuma ya nyumba ya pili kutoka kwenye mwembe. Karai lipo, mafuta yapo, unga wa muhogo ninao. Njooni na ndizi, na ziwe nyeusi.

Mzee wenu,
Mpishi