Uji niliokuwa nakupa

Kimara, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Somo yangu,

Hujambo huko Korogwe? Mimi sijambo, ila tairi la kushoto la kiti changu cha magurudumu limetiwa kiraka cha tatu na fundi baiskeli wa hapa mtaani. Yeye anasema ni la kutupa, mimi nasema litafika mwezi wa kumi na mbili.

Umeniuliza kuhusu yule mtoto wa darasa la tatu anayeletwa mgongoni na mama yake, anayekataa uji wa saa nne. Unahisi anadeka. Hadeki, somo. Ngoja nikwambie jambo nililokuficha miaka yote minne ya bweni. Ule uji niliokuwa nakusogezea kila asubuhi, nawe ukinisifu kwa roho nzuri, roho nzuri haikuwamo. Nilikuwa naogopa choo. Unakikumbuka: shimo, kizingiti, mlango mwembamba. Kiti kinabaki nje, naingia kwa mikono, kandambili nimezivaa viganjani, na sakafu imelowa maji ambayo sikutaka kujua ni ya nini. Basi nikajipangia: nisinywe kitu mchana, niende mara moja tu usiku mkiwa mmelala. Matroni akasema nina maringo ya chakula. Afadhali maringo.

Kwa hiyo usimuulize mtoto kwa nini hanywi uji. Nenda kakiangalie choo. Ile rula yako ya ubaoni ina mita nzima, pima nayo mlango; kiti kama changu kinataka sentimita 80 ndipo kipite bila kuniparuza vidole. Kizingiti fundi anakivunja kwa asubuhi moja, na kipande cha bomba ukutani cha kushika hakimfilisi mtu. Kisha ndiyo umuulize mwenyewe anatakaje. Mwenyewe, si mama yake.

Sasa yangu. Lile tangazo la kazi nililokutumia, lililosema watu wenye ulemavu wanahimizwa kuomba, basi nikahimizika. Wakaniita kwenye usaili, huko Posta. Mwendokasi sina ugomvi nao: vituoni kuna njia ya mteremko, na sakafu ya basi inalingana na pa kusimama. Ugomvi wangu ni na binadamu wa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mabasi matatu yaliondoka watu wakiniruka kama ndoo iliyoachwa njiani. Nikiwa nasubiri la nne, mama mmoja akaniwekea shilingi 500 mapajani. Nami nimevaa suti ya kuazima! Nikamrudishia, akanipigapiga bega: "Chukua tu mwanangu, usione haya." Nimeichukua, iko kwenye pochi, nashindwa hata kuitumia.

Kufika, lifti mbovu. Usaili ghorofa ya tatu. Mlinzi hakuuliza, aliinama, akanitupia begani kama kiroba cha sembe, kiti kikabaki mapokezi. Nimepita mbele ya waombaji wenzangu sketi imepanda, kichwa chini. Huko juu wakanikalisha kwenye kiti cha ofisini chenye magurudumu, nikacheka peke yangu. Swali la kwanza wakamuuliza mdogo wangu aliyenisindikiza: "Kompyuta anaweza?" Akawajibu, "Muulizeni, ndiye mwenye diploma ya uhasibu." Baada ya hapo nikaulizwa maswali matano, na manne yalihusu miguu.

Kwenye begi nilikuwa na nakala ya Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ule ukurasa unaosema mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, angalau asilimia 3 wawe watu kama mimi. Sikuitoa. Niliogopa kuonekana nimekuja kugombana. Hilo linaniuma kuliko lile bega la mlinzi.

Juzi wamepiga: nirudi Jumatano, usaili wa pili. Ghorofa ileile. Mama anasema nivumilie, ni dakika mbili tu za kubebwa. Mdogo wangu anasema nisiende kabisa. Mimi nilikukumbuka wewe, maana bweni zima ni wewe tu uliyekuwa ukiuliza, "Nikushike wapi?" kabla hujanigusa. Nimewaandikia kuomba tufanyie chini, pale mapokezi. Hawajajibu.

Wasipojibu hadi Jumanne, nitaenda hivyohivyo, ila safari hii mlinzi nitamwonyesha pa kushika, na kiti nacho kitapanda. Chai ya asubuhi sitakunywa. Sijui vyoo vya juu vikoje.

Msalimie mama, mwambie shikamoo. Na usisahau kunitumia vipimo vya ule mlango.

Wako,
Somo