Huyo "mchezaji mmoja wa Mexico" ana jina

Mhariri,

Mimi si mtu wa kuandika barua. Nimenunua gazeti lenu zaidi ya miaka ishirini, mengi nimeyaona nikakunja gazeti nikanyamaza, lakini ile makala yenu ya Jumapili juu ya mchezaji wa badminton Kevin Cordón wa Guatemala imenikaa kooni. Cordón mwenyewe sina neno naye. Mtu atoke La Unión, afike nusu fainali ya Olimpiki ya Tokyo akiwa nambari 59 duniani, huyo anastahili ukurasa mzima na mlimpa. Mmeeleza hata vile aliitwa Kevin kwa sababu ya Kevin Keegan yule wa mpira. Mmemtaja Ng Ka Long wa Hong Kong, mmemtaja Viktor Axelsen wa Denmark, hata Mark Caljouw wa Uholanzi mmemkumbuka. Halafu tukifika kwenye mechi za kundi mnatuambia ati pia "alimshinda mchezaji mmoja wa Mexico". Mmoja! Huyo mmoja anaitwa Lino Muñoz.

Na Tokyo haikuwa mara yake ya kwanza. Rio 2016 alikuwepo, akapangwa kundi moja na Kidambi Srikanth wa India na Henri Hurskainen wa Sweden. Srikanth alimfunga 21-11, 21-17, na huyo Srikanth ndiye baadaye kwenye robo fainali alimpeleka Lin Dan wa China, bingwa wa Olimpiki mara mbili, mpaka seti ya tatu ikaisha 21-18, na mwaka 2018 akawa nambari moja duniani. Sasa niambieni, zile pointi 17 za seti ya pili mnadhani ziliokotwa sakafuni? Miaka mitano baadaye anarudi tena Olimpiki, anapangiwa Cordón na Ng Ka Long. Kundi la watu watatu, mechi mbili, anavuka mmoja, wengine wanafunga mizigo. Nyinyi mnaona mtu ametoka mapema mnamwandika kama vile alishuka kwenye basi akajikuta uwanjani. Kufika pale ni karibu mwaka mzima wa kukimbizana na pointi, maana orodha ya dunia inahesabu mashindano kumi bora uliyocheza ndani ya wiki 52, kwa hivyo leo uko nchi hii wiki ijayo uko ile, unafungwa raundi ya kwanza unapata vipointi vichache unapanda ndege tena, na nchi ambayo haina watu juu kabisa kwenye orodha nafasi yake kwa singo, yaani mmoja kwa mmoja, ni moja tu, ukiteleza anaenda mwingine au haendi mtu. Kwa safari ya Tokyo korona ikaingia katikati ikasimamisha kila kitu, wakaanza kuhesabu tena mwaka uliofuata. Yote hayo kutoka nchi ambayo watoto wanalelewa kwa mpira na ndondi, wala si kwa vinyoya, vile tunavyopiga kwa raketi, kama Indonesia au Denmark. Mtu amefanya hivyo mara mbili. Mara mbili, mhariri, na hamkupata nafasi ya maneno mawili?

Nitawaambia kwa nini inaniuma. Mwaka 1997 nilicheza mashindano ya vijana hapa Nairobi nikafika nusu fainali. Nilifungwa seti tatu, ya mwisho 15-12, enzi zile tulikuwa tunahesabu mpaka 15. Jumatatu gazeti moja, sitalitaja, likaandika kuwa mshindi "alimtoa kijana mmoja wa Ngara". Mamangu alikuwa ameamka mapema kwenda kununua nakala mbili. Alikaa pale mezani na wembe wake wa kukatia nyuzi, akasoma mara ya kwanza, akasoma tena akifuatisha kwa kidole, akaniuliza, "Sasa wewe uko wapi hapa?" Nikamwonyesha yale maneno. Alikata hivyo hivyo, akaweka ndani ya Biblia, na mpaka alipofariki alikuwa akimwonyesha mgeni lazima amweleze kwa mdomo kuwa huyo kijana mmoja ni mwanangu. Kile kikaratasi ninacho mimi sasa, kimekuwa cha manjano, na jina langu bado halimo.

Tena mtu wa Nairobi ndiye alifaa kumwelewa mchezaji wa Mexico kuliko mtu yeyote. Jiji la Mexico liko mita 2,240 juu ya bahari, sisi tuko karibu 1,800. Hewa ni nyepesi, kinyoya hakishikwi, kinaruka tu. Kinyoya ni manyoya 16 ya bata bukini na uzito wa gramu 5 hivi, kosea kasi yake kidogo tu mchezo umeharibika. Huku juu tunahitaji kasi namba 75, lakini mwezi uliopita nimeingia duka moja mjini nikauziwa mkebe mzima wa 77, ati ndiyo namba ya kimataifa. Ni namba ya watu wa pwani! Nilipiga vile napiga siku zote, vyote vikapita mstari wa nyuma. Tukakaa kwenye benchi na kijana wangu tunakunja ncha za manyoya moja moja ili kipunguze mwendo, jioni nzima imeenda hivyo. Na hiyo ni ile siku umepata ukumbi, kwa sababu wikendi zote kumbi zimekodishwa harusi, neti inang'olewa na nguzo zinatupwa nje kwa mvua. Mambo kama haya hamwandiki. Edwin Ekiring wa jirani zetu Uganda alicheza Beijing 2008 na London 2012, mlimpa mistari mingapi? Ila wale wachezaji wanane wa dabo, wanaocheza wawili wawili, walipofukuzwa London kwa kupoteza makusudi, badminton ilipata picha kubwa na rangi.

Ombi langu ni hili. Kuanzia sasa, kila mkiandika matokeo ya badminton, aliyeshindwa aandikwe majina yake mawili, nchi yake na pointi zake za kila seti, kwa herufi zile zile za aliyeshinda. Nimepima kwa rula, inaongeza mstari mmoja tu. Na Jumapili hii, pale chini ya ratiba ya ligi mnapoachaga nafasi tupu, mrekebishe ile makala: Lino Muñoz, Mexico, Rio 2016 na Tokyo 2020. Na ile ñ iwekwe alama yake.

Mchezaji wa zamani,
Ngara, Nairobi