Kikao cha Jumamosi: muda umebadilika

Mbukwenyi wapendwa, poleni na majukumu.

Kikao kimesogezwa hadi saa 9 alasiri, palepale Nyerere Square. Wenzetu wawili wana mazishi Kongwa asubuhi, hatuwezi kuanza bila wao.

Mada ni ileile, Tanzania kati ya Ujerumani mbili. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilisitisha msaada wa kijeshi kwa sababu Tanzania iliruhusu ubalozi mdogo wa Ujerumani Mashariki, nchi ambayo Magharibi haikuitambua, Dar es Salaam. Mwalimu akakataa hata msaada uliobaki. Na nchi haijatimiza miaka minne ya uhuru! Hapo tukae sana.

1. Mchango sh. 3,000 (chai na kopi) kwa mweka hazina, mwisho Ijumaa jioni.
2. Mwenye ramani ya Ulaya aje nayo.

Tafadhali jibuni "nipo" au "sitaweza" leo kabla ya saa 2 usiku.